Espinosa: Msomi aliyeziokoa ngano za vijijini

Wazee wa vijiji vya New Mexico walikuwa wakifariki mmoja mmoja na ngano zao, na ni wachache vyuoni waliodhani maneno yao yalistahili wino. Aurelio Macedonio Espinosa alikuwa miongoni mwa hao wachache, na kazi yake iliweka msingi wa utafiti wa fasihi simulizi ya Kihispania nchini Marekani.

Alizaliwa Septemba 1880 kusini mwa Colorado, katika jamii iliyozungumza Kihispania. Walowezi wa kwanza wa lugha hiyo waliingia New Mexico mwaka 1598 wakiongozwa na Juan de Oñate. Mnamo 1848, baada ya Mexico kushindwa vitani, Marekani ilitwaa eneo hilo, na Kiingereza kikaanza kutawala afisini, mahakamani na darasani.

Espinosa alihitimu katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1902, akaenda kufundisha Albuquerque hadi 1910. Tasnifu yake ya uzamifu, iliyokubaliwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1909, ilihusu Kihispania cha New Mexico. Wengi waliibeza lahaja hiyo kuwa lugha iliyoharibika. Yeye alionyesha kwamba maneno kama “asina” na “truje”, yaliyochekwa na wasomi wa mijini, ni mabaki ya Kihispania kilichozungumzwa Hispania yenyewe karne kadhaa zilizopita. Mwanakijiji asiyejua kusoma alikuwa amehifadhi kile ambacho mwenye shahada alikuwa amekisahau.

Tangu 1910, akiwa sasa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kuchapisha ngano, methali, vitendawili, itikadi na nyimbo za visa alizozikusanya. Swali moja halikumpa usingizi: je, haya yote yalitoka wapi?

Mwaka 1920 alifunga safari hadi Hispania kutafuta jibu. Safari hiyo ilidhaminiwa na Shirika la Fasihi Simulizi la Marekani, na mtaalamu mashuhuri Ramón Menéndez Pidal alimuunga mkono. Espinosa alizunguka mikoani akiwasikiliza mafanani na kuandika masimulizi yao kwa mkono. Alirudi na takriban ngano 280, zilizochapishwa katika majuzuu matatu kati ya 1923 na 1926. Nyingi zilifanana mno na zile za nyumbani kwake, ng'ambo ya bahari.

Kuna ngano moja iliyomshughulisha kwa miaka mingi, na msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa sana: mnyama mjanja anakipiga kisanamu kilichopakwa ulimbo, mkono unanaswa, kisha wa pili, kisha miguu. Kufikia 1943 Espinosa alikuwa amelinganisha masimulizi 267 ya kisa hicho kutoka pande mbalimbali za dunia. Aliamini chimbuko lake ni India. Wataalamu wengine walishikilia kuwa kilivuka Atlantiki vichwani mwa Waafrika waliouzwa utumwani, na mjadala huo haukumalizika naye.

Hapo ndipo udhaifu wake ulipojitokeza. Espinosa aliipenda Hispania kupita kiasi. Kila alipopata ngano New Mexico, aliisaka asili yake Castile au Andalusia, na mchango wa Wahindi Wekundu na wa Mexico akaupa nafasi finyu. Watafiti waliomfuata wamemkosoa kwa hilo, na kwa haki: watu walioishi bega kwa bega kwa zaidi ya karne tatu hawakosi kuambukizana hadithi. Hata hivyo, wakosoaji hao hao hutumia matini alizoziandika yeye.

Alifariki mwaka 1958. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwanafunzi wake Juan B. Rael, mzaliwa wa Arroyo Hondo, New Mexico, alikuwa amechapisha mkusanyiko wa ngano zaidi ya 500 za Colorado na New Mexico.

Mwanawe, Aurelio mdogo, naye aliifuata njia hiyo. Mwaka 1936 alikuwa katika vijiji vya Castile akiandika ngano hadi muda mfupi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka mwezi Julai. Sehemu ya ngano hizo ilitoka 1946. Mkusanyiko kamili ulichapwa Madrid mwaka 1987 na 1988, nusu karne baada ya wazee hao kusimulia.