Joy Adamson, Mlezi wa Simba, Duma na Chui

Katika toleo hili nimeombwa na wanachama wenzangu niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wengi walitarajia nitamchagua mwanasiasa. La, hasha! Wanasiasa wana watu chungu nzima wa kuwaandika. Mimi nimemchagua mwanamke aliyemlea simba kwa mkono wake mpaka simba yule akarudi porini na kuzaa watoto wake mwenyewe. Huyo ni Joy Adamson. Kuna walionicheka wakidai kuwa huyo ni mzungu wa sinema tu. Basi tulieni niwasimulie, maana maisha yake hayakuwa ya sinema hata kidogo.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizo ulikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava nao uko katika nchi ya Cheki. Wazazi wake walimpa jina Friederike Viktoria Gessner. Alipokua alisomea piano mjini Vienna, akajaribu na uchongaji, lakini moyo wake haukutulia mahali pamoja. Alikuja Kenya mwaka wa 1937 akiwa mke wa mtu, na haukupita muda ndoa ile ikavunjika. Mume wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na ndiye aliyembandika jina la Joy. Mume wa tatu alimpata mwaka wa 1944. Huyu alikuwa George Adamson, afisa wa wanyama, mtu wa aina ile ambayo wazee wetu waliiita Bwana Nyama.

Kabla ya habari ya simba, mjue kwamba Joy alikuwa mchoraji hodari. Alianza kwa kuchora maua na mimea ya nchi hii. Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya kienyeji. Alizunguka kwa miaka mingi akachora mamia ya picha, na nyingi ziliingia katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi. Kama asingemwona simba hata mmoja, bado ningekuwa na la kuandika.

Sasa tuingie kwenye kiini. Tarehe 1 Februari 1956 George alikuwa akimwinda simba aliyekuwa amemuua mtu huko kaskazini. Ghafla simba jike akawarukia kutoka vichakani, nao wakampiga risasi. Walipochungulia kwenye ufa wa mwamba wakaelewa kwa nini alikuwa mkali vile: alikuwa ameficha watoto watatu (mwalimu wetu anasisitiza tuseme shibli, haya, shibli watatu). George akawabeba hadi nyumbani Isiolo. Mwanzoni walikataa kabisa maziwa, na walipokubali wakawa hawashibi. Nyumba ikageuka uwanja wa vita. Mtunza bustani wao aliyeitwa Nuru akaachishwa majembe, akapewa kazi ya kuwachunga shibli hao mchana kutwa. Nataka jina hilo mlishike. Kila mtu humtaja Joy na Elsa, lakini aliyetoka jasho akifukuzana nao jua kali ni Nuru.

Shibli wawili wakubwa walipelekwa Uholanzi katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Aliyebaki ni yule mdogo, Elsa. Huyu alipanda juu ya paa la Land Rover kama abiria wa matatu, akalala kitandani kwa wenyewe, akaenda nao safari hadi ziwa Turkana, ambalo wakati huo liliitwa Rudolf. Mambo yalikuwa matamu. Lakini simba hukua, na simba mzima hawezi kuwa paka wa nyumbani. Njia ilikuwa moja kati ya mbili: apelekwe ng'ambo akafungiwe kama dada zake, au afundishwe kuishi porini.

Hapo nataka nipumue kidogo nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa gumu. Mwaka jana baadhi yetu tulijitolea siku moja katika kituo cha kulea wanyama pori. Mimi niliangukia ufagio na ndoo. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni nilikuwa nikisugua vyombo vya maji na kufagia manyoya na mifupa, na ile harufu niliondoka nayo hadi bwenini. Palikuwa na duma mmoja aliyekuja wavuni akikoroma kama paka, nasi tukanyoosha mikono tumpapase. Mtunzaji akatukataza. Alitueleza kuwa duma huyo amezoea mikono ya watu tangu utotoni, hajui kuwinda, wala hawaogopi binadamu, kwa hivyo haachiliwi ng'o. Angetoka angekwenda moja kwa moja kwenye boma la mtu. Nilimtazama yule duma nikamkumbuka Elsa, maana hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo.

Ilikuwa mwaka wa 1958 Joy na George walipoanza kumfundisha. Jaribio la kwanza lilishindikana, Elsa akaugua, wakamhamishia Meru karibu na mto Ura. Wangemwacha peke yake siku kadhaa, kisha wakirudi wanamkuta amekonda, ana njaa, anawakimbilia kwa furaha. Nadhani hapo ndipo roho ya Joy ilipimwa. Kumlisha kulikuwa kumharibu, na kutomlisha kulikuwa kumtesa. George alipiga swala akamwachia Elsa ammalize, na kidogo kidogo Elsa akajifunza kuua mwenyewe. Akapata mume wa mwituni. Mnamo Desemba 1959 alizaa watatu, na walipofika wiki sita akawavusha mto akawaleta kambini kuwaonyesha. Joy hakuwashika. Aliamua kwamba watoto hao wabaki wa porini, na kwa maoni yangu hilo ni kubwa kuliko hata kumlea mama yao.

Kitabu chake, Born Free, kilitoka mwaka wa 1960 kikauzwa dunia nzima, na filamu ikafuata mwaka wa 1966. Pesa nyingi alizipeleka kwenye hifadhi ya wanyama, na mbuga ya Meru ilifaidika. Lakini Elsa hakuishi kuyaona hayo. Alikufa Januari 1961 akiwa na miaka mitano tu, kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Wanawe walibaki yatima kabla ya kujua kuwinda vizuri, wakaanza kuvamia mbuzi wa watu. Mmoja, Jespah, alipigwa mshale ukamnasa nyuma. Wenye mbuzi hawakuwa na kosa, jamani. Mbuzi ndio karo, ndio mahari, ndio chakula. Ikabidi shibli wale wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, upande wa Tanganyika, nao Joy na George wakawatafuta huko miezi na miezi.

Mwaka wa 1964 Joy alipewa duma jike aliyeitwa Pippa, aliyekuwa amefugwa na familia ya afisa wa jeshi la Uingereza. Akampeleka Meru. Wakati huo George naye alikuwa Meru akiwafundisha simba waliotumiwa katika filamu. Sasa sikilizeni kisa: simba huua watoto wa duma. Kwa hivyo bwana alikaa kambi yake na bibi kambi yake, mbali na mwenzake, ili wanyama wao wasigombane! Sijui kama iko ndoa nyingine iliyotenganishwa namna hiyo. Pippa alizaa mara nne. Wa kwanza wote waliangamia wakiwa wachanga, lakini baadaye alikuza wengine mpaka wakajitegemea. Joy aliwatambua kwa madoa yaliyo kwenye shina la mkia, maana kila duma ana yake. Pippa alivunjika mguu akafa Oktoba 1969, akazikwa Meru. Mwaka huohuo Joy alipata ajali ya gari iliyoumiza vibaya mkono wake wa kulia, na kutoka hapo piano na uchoraji vikawa shida.

George alihamia Kora na simba wake mwaka wa 1970, Joy akakaa kwake Elsamere kando ya ziwa Naivasha. Mwaka wa 1976 akaletewa mtoto wa chui. Kumbukeni alikuwa mama wa miaka sitini na sita, mwenye mkono mbovu, na chui ni msiri na mkali kuliko simba. Akamwita Penny, akahamia naye Shaba karibu na Isiolo, akaanza upya. Mwaka wa 1979 Penny naye akazaa porini. Simba, duma na chui, wote watatu walilelewa na mtu mmoja wakarudi mwituni wakazaa.

Na binadamu je? Hapa lazima niseme kweli. Walioishi naye wameeleza kwamba Joy alikuwa mkali kwa wafanyakazi, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kufukuza. Kwa Elsa alikuwa na subira ya miaka, kwa mpishi hakuwa na subira ya dakika. Nimelifikiria sana jambo hili na bado halijanikaa sawa moyoni. Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 alitoka kambini Shaba kutembea kama kawaida yake, asirudi. Alikutwa barabarani amekufa. Habari za kwanza zilienea kwamba ameuawa na simba, na dunia ikaamini. Uchunguzi ukaonyesha kuwa majeraha yalikuwa ya silaha. Kijana mmoja aliyekuwa amefukuzwa kazi kambini alishtakiwa, na mahakama ikamtia hatiani mwaka wa 1981. Hakunyongwa kwa sababu ya umri wake mdogo wakati wa kosa.

George aliendelea na simba wake Kora hadi tarehe 20 Agosti 1989, alipouawa na majambazi pamoja na wafanyakazi wake wawili. Elsamere imebaki kuwa jumba la makumbusho, na wanafunzi hufika pale kuona vitu vya Joy na picha zake. Yeye mwenyewe hakuzikwa pale. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakapelekwa Meru yakagawanywa mara mbili: sehemu kwenye kaburi la Elsa, sehemu kwenye kaburi la Pippa. Penny hakuwa na kaburi. Alikuwa bado hai huko Shaba na watoto wake wawili.