Daktari wa jicho moja aliyeisaka saratani kwa gari
Na Mwandishi Wetu, Ruaha Mbuyuni

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa huliaga joto hapa Ruaha Mbuyuni. Nyuma yake ni mibuyu na wauza vitunguu. Mbele ni Mlima Kitonga, na akishaupanda hutafuta sweta. Tofauti ya namna hiyo, baina ya bonde la joto na nyanda za baridi, ndiyo iliyomfikisha daktari Denis Burkitt kwenye ugunduzi wake.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe akapoteza jicho, na kwa sababu ya jicho hilo alikataliwa kazi ya udaktari makoloni. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika alikubaliwa, akapelekwa Lira, Uganda, mwaka 1946, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto wa kike mwenye uvimbe ule ule. Wengine wangeandika jina la mgonjwa na kufunga faili. Yeye, Oktoba 1961, alifunga safari na madaktari wawili katika gari kuukuu, wiki 10 na maili zipatazo 10,000 hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali. Penye joto na mvua saratani hiyo ilikuwepo. Nyanda za juu haikuonekana.

Akashuku virusi vinavyoenezwa na mbu. Alipatia nusu. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, waliviona virusi katika seli za uvimbe zilizoletwa kwa ndege kutoka Uganda, ila huambukizwa kwa mate. Mbu huleta malaria, nayo huudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto.

Uvimbe huo wa Burkitt ndio alioanza kuuchunguza Mjerumani Harald zur Hausen kabla ya kugeukia saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuwapata wanawake wa Tanzania. Mwaka 1983 na 1984 yeye na wenzake walitambua aina mbili za virusi vya papiloma, vinavyoenea kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huvimaliza wenyewe. Vikidumu miaka mingi, protini zake huwazima walinzi wawili wa seli, wale wanaoizuia isigawanyike ovyo, na seli huzaana bila kizuizi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki Machi 1993. Chanjo ya papiloma ilipatikana mwaka 2006, na Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018. Tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Virusi hivi havijali mwinuko: binti wa Ruaha Mbuyuni na wa Mbeya wote ni walengwa.