Rudolf Diesel: Mhandisi aliyeona nishati ndani ya karanga

JINA lake hutamkwa kila siku katika vituo vya mafuta, gereji na bandari, lakini ni wachache wanaolitamka wakijua kuwa ni jina la mtu. Dizeli, mafuta yanayoendesha malori, mabasi na meli duniani kote, imepewa jina la Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyetoweka baharini mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka 55.

Katika zama hizi ambapo mataifa yanatafuta nishati mbadala, jina hilo limerudi midomoni mwa wataalamu kwa sababu nyingine. Diesel alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kueleza hadharani kwamba mafuta ya mimea yanaweza kuendesha injini.

Alizaliwa Machi 18, 1858 jijini Paris, Ufaransa, kwa wazazi waliotoka Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi.

Vita kati ya Ufaransa na Prussia ilipozuka mwaka 1870, familia hiyo ililazimika kukimbilia London. Maisha yalikuwa magumu, na Rudolf, akiwa na miaka 12, alipelekwa Augsburg, Ujerumani, kuishi na ndugu wa familia aliyekuwa mwalimu wa hisabati.

Kutoka Augsburg alikwenda kusoma uhandisi mjini Munich, ambako alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kugandisha barafu. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo halikumtoka kichwani: kwamba injini ya mvuke ilitumia sehemu ndogo sana ya joto la makaa ya mawe kufanya kazi, na joto lililobaki lilipotea bure.

Alihitimu mwaka 1880 kwa alama za juu, akaajiriwa na Linde jijini Paris. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, na wakajaliwa watoto watatu.

Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza lakini gumu kulitekeleza. Alitaka hewa igandamizwe kwa nguvu ndani ya silinda mpaka iwe na joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe, pasipo cheche wala plagi. Alipata hataza ya ugunduzi huo mwaka 1893, kisha kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vikakubali kugharimia majaribio.

Agosti 10, 1893 mafuta yaliwaka ndani ya silinda kama alivyotabiri, lakini kifaa cha kupimia mgandamizo kilipasuka. Februari 17, 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa takriban dakika moja. Miaka mitatu baadaye, Profesa Moritz Schröter aliipima na kukuta inageuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, zaidi ya mara mbili ya injini za mvuke za wakati huo.

Diesel hakuwa na ndoto ya utajiri peke yake. Aliamini kwamba injini kubwa za mvuke, ambazo ni matajiri tu waliomudu kuzinunua, zilikuwa zikiwaua kiuchumi mafundi wadogo. Alitamani injini ambayo fundi wa karakana ndogo angeweza kuimiliki. Mwaka 1903 alichapisha kitabu, Solidarismus, akipendekeza wafanyakazi wamiliki viwanda kwa ushirika. Wanunuzi wake walikuwa wachache mno.

Mambo yalikwenda kinyume na matarajio yake. Injini za awali zilikuwa nzito na za gharama, hivyo zikaishia katika viwanda vikubwa, mitambo ya umeme na meli.

Tukio linalokumbukwa zaidi na watetezi wa biodizeli lilitokea katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900. Kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga, bila kufanyiwa mabadiliko yoyote. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikitafuta njia ya makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilistawi, kujitegemea kwa nishati.

Imezoeleka kuandikwa kwamba Diesel aliibuni injini yake kwa ajili ya karanga. Hilo si kweli. Awali alifikiria hata vumbi la makaa ya mawe. Hata hivyo, baadaye aliyarudia majaribio hayo mwenyewe, na mwaka 1912 alieleza kwamba mafuta ya mimea yangeweza siku moja kuwa na umuhimu sawa na petroli na makaa ya mawe.

Wakati huo mwenyewe alikuwa akizama katika madeni. Kesi za hataza, afya mbaya na uwekezaji uliokwenda kombo vilikuwa vimemmaliza.

Usiku wa Septemba 29, 1913 alipanda meli ya Dresden mjini Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaagiza aamshwe asubuhi, akaenda chumbani. Asubuhi hakuonekana, kofia na koti lake vilikutwa sitahani. Siku chache baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliopoa mwili, wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuurudisha baharini. Mwanawe, Eugen, alivitambua vitu hivyo. Wengi waliamini alijiua, wengine wakadai aliuawa, hakuna kilichothibitishwa.

Petroli ya bei nafuu ilizima wazo la mafuta ya mimea, ila halikufa. Mwaka 1937, Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kuyachanganya mafuta ya mawese, zao kubwa la Kongo ya Wabelgiji, na alkoholi ili yawe mepesi. Mwaka 1938 mafuta hayo yaliendesha basi kati ya Brussels na Louvain. Njia hiyo, ambayo pia hutoa gliserini, ndiyo msingi wa biodizeli ya leo.

Faida zake zinajulikana. Biodizeli haina salfa kwa kiasi kikubwa, hupunguza moshi mweusi na hewa ya kaboni monoksidi, hulainisha sehemu za injini na huoza upesi ikimwagika. Brazil iliongeza kiwango chake katika dizeli hadi asilimia 15 mwaka 2025, na Indonesia asilimia 40 mwaka huohuo.

Hata hivyo, ipo tahadhari. Misitu imefyekwa kupisha michikichi, na nchini Tanzania miradi mikubwa ya mibono kaburi ya Kisarawe na Kilwa ilisambaratika baada ya wanavijiji kutoa ardhi yao. Mhandisi aliyetaka injini imnufaishe fundi mdogo asingelishangaa kusikia swali linaloulizwa sasa: mafuta yakitoka shambani, ni nani atakayelimiliki shamba?