Franklin King: Mtaalamu wa banda la duara la ng'ombe wa maziwa

MFUGAJI wa Pemba anayekata majani shambani na kuyabeba hadi bandani anajua kuwa kinachomchosha si kukamua, bali ni kwenda na kurudi. Hesabu ya hatua hizo ndiyo iliyompa jina Franklin Hiram King, Mmarekani aliyefariki dunia zaidi ya miaka 100 iliyopita.

King alizaliwa Juni 8, 1848 karibu na mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, akakulia shambani. Alisomea ualimu, akafundisha sayansi mjini River Falls, na mwaka 1888 akawa profesa wa fizikia ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Mwaka 1889 ndugu yake, mfugaji wa Whitewater, alihitaji banda la ng'ombe 80 na farasi 10. Badala ya banda refu la mstatili, King alimchorea duara lenye kipenyo cha futi 92. Katikati aliweka ghala la sileji, yaani malisho mabichi yaliyokatwakatwa, kushindiliwa na kuzuiwa hewa yasioze. Ng'ombe walisimama kulizunguka ghala hilo, hivyo mlishaji aliwafikia kwa hatua chache. Hewa safi iliingia kupitia matundu ya ukutani na hewa chafu ikapanda na kutokea juu ya paa.

Mabanda ya duara yalikuwapo kabla yake. Jumuiya ya kidini ya Shaker ilijenga la mawe huko Hancock, Massachusetts, mwaka 1826. King alilipatia hesabu za kitaalamu. Ukuta wenye urefu wa mita 20 ukijengwa mraba, eneo la ndani ni mita za mraba 25. Ukuta huo huo ukiwa duara, eneo linafikia karibu mita za mraba 32.

Aidha, maghala mengi ya sileji ya wakati huo yalikuwa na pembe nne. Hewa ilibaki kwenye pembe na malisho yakaoza. Ghala la duara liliondoa hasara hiyo.

Mchoro wake ulichapishwa mwaka 1890 na mabanda ya aina hiyo yakaenea katika majimbo ya wafugaji wa maziwa. Hata hivyo, baada ya miaka ya 1920 yaliachwa. Yalihitaji mafundi hodari, na ilikuwa vigumu kuyaongeza mifugo ilipozidi. Ghala la duara ndilo lililodumu.

Mwaka 1902 King alihamia Wizara ya Kilimo ya Marekani. Huko aligongana na mkuu wake, Milton Whitney, aliyeshikilia kuwa karibu kila udongo una virutubisho vya kutosha. Vipimo vya King vilionyesha kuwa udongo hutofautiana na kwamba samadi huongeza mavuno. Baadhi ya ripoti zake zilikataliwa. Mwaka 1904 aliacha kazi, akazichapisha mwenyewe.

Mwaka 1909 alisafiri China, Korea na Japani kujifunza jinsi wakulima walivyotunza rutuba kwa karne nyingi kwa kurudisha mabaki na samadi shambani. Alifariki Agosti 4, 1911 kabla ya kukamilisha kitabu cha safari hiyo. Mkewe, Carrie, alikichapisha mwaka huo huo.

Kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili Pemba, banda la duara huenda lisilipe, kwani bati zimenyooka na kuzikata ni hasara. Lakini hesabu za King bado zinafaa. Hori na stoo ya majani viwekwe karibu. Ukuta uachwe wazi upande wa upepo, na mvua izuiwe kwa paa lililotokeza. Magugutembo ya masika yanaweza kukatwakatwa, kushindiliwa ndani ya pipa na kufunikwa vizuri kwa ajili ya kiangazi. Samadi nayo irudi kwenye migomba na mihogo, maana ni sehemu ya mapato ya ng'ombe kama yalivyo maziwa.