Siti binti Saad: Mfinyanzi Aliyeimba Habari za Watu

Hapa kwetu Vwawa, na katika vijiji vyote vya Mbozi, wakati wa kuchuma kahawa ni wakati wa kazi nyingi. Lakini jioni, watu wakisha kula, bibi au babu hukaa karibu na moto. Watoto humzunguka na hadithi huanza. Katikati ya hadithi huja wimbo, na watoto huitikia. Wasipoitikia, hadithi haiendi mbele.

Watu wengine hudhani kwamba kazi hii ni ya kupitisha wakati tu. Sivyo. Hadithi na nyimbo hutunza mambo ya watu. Hutukumbusha nani alidhulumiwa, nani alidanganya, na nani alikuwa hodari.

Katika somo hili tutasoma maisha ya mwanamke mmoja aliyefanya kazi hiyo katika kisiwa cha Unguja. Hakupelekwa shule, wala hakujua kusoma na kuandika. Hata hivyo sauti yake ilifika nchi nyingi. Jina lake ni Siti binti Saad.

1. Mtoto wa mfinyanzi

Siti alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba. Kijiji hicho kiko pwani, kusini ya mji wa Zanzibar. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, upande wa Tabora. Asili ya mama yake ilikuwa Uzigua, upande wa Tanga.

Siku hizo utumwa ulikuwa haujakomeshwa Unguja. Watu wengi wa bara walikuwa wamepelekwa huko kwa nguvu, wakafanyishwa kazi katika mashamba ya karafuu na katika nyumba za matajiri. Sheria ya kuufuta utumwa ilitolewa mwaka 1897.

Mtoto huyo alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Fikiri, ndugu msomaji, kuitwa hivyo kila siku, na mama yako, na jirani zako, na hata mtu anayetaka kununua chungu chako. Jina la Siti alilipata baadaye, ukubwani. Maana yake ni bibi, yaani mwanamke wa kuheshimiwa.

Wazazi wake walikuwa maskini. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Binti alijifunza kwa mama yake kuchagua udongo, kuukanda, kufinyanga, kuanika na kuchoma. Vyungu vikisha kuwa tayari, vilipelekwa mjini kuuzwa, kama vile vyungu vya Wakisi vinavyotoka Ziwa Nyasa na kuuzwa katika masoko ya Mbeya.

Kuuza vyungu si kazi rahisi. Mzigo ni mzito, na ukijikwaa mara moja tu, kazi ya siku nyingi imekwisha. Tena wauzaji ni wengi. Binti huyu alitembeza vyungu vyake akiita wanunuzi kwa kuimba. Sauti yake ilikuwa kali na tamu, ikasikika mbali. Watu walitoka nje kumtazama mwenye sauti hiyo.

2. Anahamia mjini

Aliolewa, akapata mtoto wa kike, kisha akaachika. Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Hakuwa na mali, wala elimu, wala ukoo wenye jina. Alikuwa na sauti yake tu.

Mji wa Zanzibar wakati ule ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa na nyumba kubwa za mawe. Huko walikaa watawala na matajiri wengi. Upande wa pili uliitwa Ng'ambo. Huko walikaa wachukuzi, wavuvi, wafua nguo na watu wengine wa kazi za mikono. Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo.

Huko mjini alikutana na mwanamuziki aliyeitwa Ali Muhsin. Huyu alikuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin alipoisikia sauti ya Siti, alitambua kwamba ni sauti isiyo ya kawaida. Alianza kumfundisha kuimba na kufuata ala.

Siti alijifunza kwa kusikiliza. Kila neno na kila sauti alivitia moyoni, kwa sababu hakuweza kuandika. Usiku alirudia aliyofundishwa mchana. Kwa njia hiyo alijua nyimbo nyingi sana, hata za Kiarabu.

3. Taarab inasema Kiswahili

Muziki alioimba Siti huitwa taarab. Muziki huu hupigwa kwa ala kama udi, fidla na ngoma ndogo za mkono. Ulikuzwa Unguja wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Sultani huyo alimpeleka mtu Misri ili ajifunze muziki wa huko. Taarab ikapigwa katika nyumba ya Sultani na katika nyumba za wakubwa. Waimbaji walikuwa wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu.

Kwa hiyo watu wa kawaida walisikia muziki mzuri, lakini wengi hawakuelewa maneno yake.

Siti na wenzake walibadili jambo hilo. Wenzake walikuwa Subeti Ambar, Mbaruk Effandi Talsam, Buda Suwedi, Mgeni bin Said na Maalim Shaaban. Waliendelea kuimba Kiarabu walipotakiwa, lakini nyimbo zao nyingi zilikuwa za Kiswahili. Muuza samaki alielewa, na mfanya kazi wa nyumbani alielewa. Hata mtoto aliyekaa na mama yake alielewa.

Siti alialikwa katika arusi na karamu za matajiri, akaimba mbele ya Sultani. Lakini hakuwaacha jirani zake. Usiku yeye na wenzake walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, wakafanya mazoezi na kutunga nyimbo. Majirani walikusanyika kusikiliza. Hawakuhitaji kadi ya mwaliko.

Si watu wote waliofurahi. Waliomwonea wivu walitunga wimbo wa kumdhihaki. Walisema kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, nguo ya watu duni, na kwamba bila sauti yake asingepata hata chakula. Siti hakugombana nao barabarani. Aliwajibu kwa wimbo. Alieleza kwamba uzuri wa uso na ukubwa wa ukoo si kitu, ikiwa mtu hana akili. Wimbo wa jibu ulipendwa sana na watu, kuliko ule wa dhihaka.

4. Habari ndani ya wimbo

Siti aliimba habari za mapenzi, kama waimbaji wengine. Lakini aliimba pia mambo yaliyotokea mjini. Aliwaimba wanaume waliowatesa wake zao. Aliimba habari za wenye nguvu waliowadhulumu wanyonge, na za mahakama zilizohukumu bila haki. Watu wengi hawakujua kusoma magazeti. Wimbo wa Siti ulikuwa gazeti lao.

Wimbo mmoja unaojulikana mpaka leo unaitwa Kijiti. Unahusu jambo la kweli. Mwanamke mmoja alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam kutembea. Mwanamume aliyeitwa Kijiti alimchukua kwenda ngomani. Huko alimtendea ubaya, kisha akamwua. Halafu Kijiti alitoroka, akavuka bahari kuja bara. Wanawake wawili waliokuwa pamoja nao siku ile walishtakiwa, wakafungwa. Mwenyewe aliyeua hakupatikana.

Baada ya muda mambo kama haya husahauliwa. Karatasi za mahakama hufungiwa kabatini. Lakini Siti aliliweka jina la mwuaji ndani ya wimbo. Wimbo ukaimbwa majumbani na mitaani. Kijiti aliikimbia mahakama, lakini hakuweza kuukimbia wimbo. Na mgeni yule aliyeuawa hakusahauliwa.

5. Safari ya Bombay

Mwaka 1928 kampuni moja ya Uingereza ya kutengeneza sahani za santuri ilimwalika Siti pamoja na wenzake. Walisafiri kwa meli mpaka Bombay, Uhindini. Santuri ni chombo kinachotoa sauti iliyohifadhiwa katika sahani nyeusi za duara. Siku hizo kilizungushwa kwa mkono.

Siti alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti yake katika sahani. Sahani hizo zilipendwa mno. Mpaka mwaka 1931 kampuni ilikuwa imekwisha kuuza sahani zaidi ya 70,000 za nyimbo za Kiswahili, za Siti na za waimbaji wengine.

Sasa nyimbo zilizotungwa Ng'ambo zilisikika Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na mbali zaidi. Mtu mmoja akiwa na santuri, jamaa na majirani wote walikuja kusikiliza. Wako waliopanda vyombo kutoka bara kwenda Unguja ili wamwone mwenye sauti ile. Yule aliyeitwa Mtumwa, aliyetembeza vyungu, sasa alitafutwa na wageni.

6. Maisha yake yanaandikwa

Siti alizeeka. Nyimbo zake zilikuwa katika sahani, lakini habari za maisha yake zilikuwa kichwani mwake tu. Kama angekufa bila ya mtu kumwuliza, nyingi zingepotea.

Kwa bahati njema alitokea mtu wa kumwuliza. Huyu alikuwa Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkubwa wa Kiswahili kutoka Tanga. Alikwenda kwa Siti katika siku zake za mwisho, akamsikiliza, akaandika. Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kitabu cha maisha yake kilitolewa mwaka 1958, miaka minane baadaye. Kiliwahi kusomwa na wanafunzi wengi wa sekondari.

Kuna njia nyingine pia iliyoihifadhi kazi yake. Siti alipokuwa akiimba, kulikuwa na mtoto wa kike aliyependa kumsikiliza na kuzishika nyimbo zake. Mtoto huyo aliitwa Fatuma binti Baraka. Sisi tunamjua kwa jina la Bi Kidude. Aliendelea kuimba nyimbo za Siti mpaka uzee mkubwa, akazifikisha Ulaya na nchi nyingine. Bi Kidude alifariki mwaka 2013.

Na mwaka 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilianzisha gazeti la kutetea haki za wanawake. Kililipa jina la Sauti ya Siti.

7. Na sisi je?

Katika madarasa yetu ya kisomo huuliza hivi: nani anajua hadithi yenye wimbo ndani yake? Mikono yote huenda juu, ya akina mama na ya akina baba. Kisha huuliza: nani ameiandika hadithi hiyo? Hakuna mkono unaonyoshwa.

Siti hakujua kuandika. Ilibidi mtu atoke Tanga amwandikie. Wewe sasa unajua. Mtoto anayesikiliza karibu na moto ataishika hadithi, kama Bi Kidude alivyozishika nyimbo. Hilo ni jema, liendelee. Lakini mtoto huenda akahamia mbali, na bibi hatakaa milele. Basi chukua daftari lako. Kaa na mzee wa kwenu wiki hii, mwombe akuambie hadithi moja, uiandike pamoja na wimbo wake. Andika pia jina lake, na jina la kijiji chake. Ukikosea herufi, mwalimu atakusaidia kusahihisha. Lakini mzee akiondoka na hadithi yake, hakuna atakayeweza kuirudisha.

Maswali

1. Siti alipozaliwa aliitwa nani? Jina la Siti lina maana gani?
2. Kwa nini watu wa Ng'ambo walizipenda nyimbo za Siti kuliko taarab ya zamani?
3. Siti alifanya nini watu walipomdhihaki? Wewe ungefanya nini?
4. Wimbo wa Kijiti ulisaidia nini, ikiwa mwuaji hakupatikana? Zungumzeni darasani.
5. Taja njia tatu zilizohifadhi kazi ya Siti baada ya kufa kwake.
6. Soma mbele ya wenzako hadithi uliyoandika. Pakifika wimbo, wote waitikie.