Mzee Vickrey na Bei ya Foleni

Semesta iliyopita nilikosa test ya asubuhi. Nilitoka nyumbani Mbagala saa 11 alfajiri, nikafika chuoni saa 3 na robo, karatasi zimeshakusanywa na mwalimu hataki kusikia habari ya foleni. Wiki hiyo hiyo, nikiandaa somo la uchumi kwa ajili ya mazoezi ya ufundishaji, nikakutana na jina la William Vickrey. Tangu hapo nabishana naye kichwani, ingawa alifariki kabla sijazaliwa.

Alizaliwa mwaka 1914 mjini Victoria, Kanada. Alisoma hisabati Yale, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akafundisha hapo kuanzia 1946 hadi alipostaafu 1982. Alikuwa muumini wa Quaker, kwa hiyo Vita Kuu ya Pili ilipokuja alikataa kushika bunduki, akapangiwa kazi za kiraia. Mojawapo ilikuwa kubuni kodi ya mirathi ya Puerto Rico. Waliomjua wanasimulia kwamba alikuwa anasinzia kwenye semina, halafu anafumbua macho na kuuliza swali linalombana mtoa mada mpaka basi. Na kutoka kituo cha treni kwenda chuoni alikuwa anateleza kwa viatu vya magurudumu. Hebu mfikirie mhadhiri wako anashuka kilima hivyo.

Mwaka 1951 alipewa kazi na kamati ya meya wa New York kuchunguza nauli za treni za chini ya ardhi. Nauli ilikuwa senti 10, uende mbali uende karibu, saa yoyote. Yeye akaona hapo ndipo penye kosa: abiria wa saa 2 asubuhi anachukua nafasi inayogombewa, wa saa 5 anapanda behewa lenye viti vitupu, iweje walipe sawa? Wanasiasa wakaiogopa hoja hiyo, ikaishia makabatini. Mwaka 1959 akaja na pendekezo la barabara za Washington: kila gari lifungwe kifaa cha elektroniki, lisomwe linapopita, bili ije baadaye kama ya simu. Ili kuonyesha kwamba inawezekana, alijitengenezea kifaa chake kwa vipuri visivyofika dola 3, akakifunga kwenye gari lake mwenyewe.

Hoja iliyonikamata mimi aliiandika mwaka 1969. Nitaieleza kwa namba zangu. Chukua daraja linalopitisha magari 50 kwa dakika, na magari 3,000 ambayo wenyewe wote wanataka kuvuka saa 2 kamili. Haiwezekani; kuyavusha yote kunachukua saa nzima. Kwa hiyo foleni ndiyo inayoamua nani avuke lini. Anayetaka saa 2 kamili anasota sana, anayekubali kuwahi mno au kuchelewa anasota kidogo. Yaani kila mtu tayari analipa, ila analipa kwa muda, na muda huo haumfikii mtu yeyote. Weka tozo inayopanda taratibu hadi saa 2 kisha ishuke, magari yatajipanga yenyewe, daraja litapitisha yale yale 3,000, na malipo yatabaki kuwa fedha inayoweza kujenga kitu.

Daraja letu la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, linatoza, lakini tozo ile ni ya kurudisha gharama za ujenzi. Ya Vickrey ni habari nyingine: inapangwa kwa saa.

Hapa ndipo ninapombishia. Mwenye hela atanunua saa 2 kamili, je mfagiaji aliyepangiwa saa na bosi? Mama yangu anauza mboga. Anaamka saa 9 usiku awahi sokoni kabla barabara haijafunga. Lakini kadiri nilivyomsoma mzee huyu ndivyo nilivyoona kwamba mama ameshatozwa miaka yote, anatozwa usingizi. Na Vickrey hakuwa adui wa maskini: tasnifu yake ya udaktari ilihusu kodi inayowabana zaidi wenye kipato kikubwa. Kwangu swali linabaki moja, fedha inakwenda wapi. London walipoanza kutoza mwaka 2003, sheria iliwabana mapato yaende kwenye usafiri. Stockholm walijaribu kwa miezi saba mwaka 2006, magari yaliyoingia katikati ya jiji yakapungua kwa karibu asilimia 20, na wakazi waliokuwa wamepinga wakaja kupiga kura ya kukubali. Singapore walikuwa wametangulia zamani, 1975.

Tarehe 8 Oktoba 1996 Vickrey alitangazwa mshindi wa Nobel ya uchumi pamoja na James Mirrlees, tena kwa utafiti wa mambo mengine, si barabara. Siku tatu baadaye akafariki, akiwa safarini kwa gari kwenda mkutanoni. Alikuwa na miaka 82.

New York, jiji lake mwenyewe, lilianza kutoza magari yanayoingia kusini mwa Manhattan tarehe 5 Januari 2025: gari dogo dola 9 mchana, usiku dola 2 na senti 25. Nilimsimulia mama habari hii akichambua mchicha. Akauliza kama na daladala zingelipa. Nikamwambia inategemea watakaopanga. Akaniambia basi niende kwanza nikawaulize hao.