Rafiki Aliyejiona Amepotea

Soma Zaburi 88. 1 Yohana 3:19, 20. 1 Wathesalonike 4:13–18.

William Cowper alifariki tarehe 25 Aprili 1800 katika mji wa East Dereham, mashariki mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 68. Alikuwa mshairi aliyependwa kuliko wengi wa wakati wake, na nyimbo alizotunga zilikuwa zikiimbwa makanisani. Wimbo wake kuhusu chemchemi ya damu ya Imanueli tunauimba hata sisi kwa Kiswahili. Lakini yeye mwenyewe alikufa akiamini kwamba damu hiyo haikuwa kwa ajili yake.

Habari hizo zilimfikia mchungaji mzee huko London, John Newton, aliyekuwa rafiki yake kwa zaidi ya miaka 30. Sasa ilimpasa kusimama mimbarani amzungumzie. Je, mchungaji aseme nini juu ya mtu aliyempenda Mungu, kisha akaenda kaburini akisema Mungu amemtupa?

Huzuni ya Cowper ilianza mapema. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka sita, naye akapelekwa shule ya bweni ambako mvulana mkubwa alimtesa. Alisomea sheria, ingawa moyo wake haukuwa huko. Alimpenda binti wa baba yake mdogo, wakazuiwa kuoana. Kisha mwaka 1763, alipopendekezwa kuwa karani katika Baraza la Malodi na kutakiwa ahojiwe kwanza mbele ya watu, hofu ilimlemea hata akajaribu kujiua zaidi ya mara moja. Ndugu zake walimpeleka St Albans, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili iliyosimamiwa na daktari mcha Mungu, Nathaniel Cotton. Huko, mwaka 1764, alifungua Biblia akakutana na Warumi 3:25. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba upatanisho wa Kristo unamtosha. Alilia kwa furaha.

Alipotoka alipokelewa na familia ya Unwin katika mji wa Huntingdon. Baba wa nyumba hiyo alifariki mwaka 1767 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, na Newton, aliyekwenda kuwafariji wafiwa, akawakaribisha wahamie Olney alikokuwa akihudumu. Mary Unwin, mjane huyo, alimtunza Cowper kama mwanawe karibu miaka 30.

Newton tunamjua zaidi. Huyu ndiye aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa, akinunua watu kwenye pwani ya Afrika Magharibi, kabla ya kuwa mhubiri. (Mwaka 1788 marafiki hawa wawili, kila mmoja kwa kalamu yake, waliandika kuipinga biashara hiyo: Newton kwa kueleza aliyoyatenda na kuyaona, Cowper kwa mashairi.) Olney ulikuwa mji wa maskini waliojipatia riziki kwa kufuma lesi. Nyumba za marafiki hao zilitenganishwa na bustani tu. Cowper aliwatembelea wagonjwa pamoja na Newton, na ingawa alikuwa mwoga kupita kiasi, aliomba kwa sauti katika mikutano ya maombi. Wakaanza kutunga nyimbo pamoja. Kitabu chao kilitoka mwaka 1779 kikiwa na nyimbo 348, na katika hizo Cowper alitunga zaidi ya 60. Newton aliandika katika utangulizi kwamba alikusudia kitabu kiwe pia ukumbusho wa urafiki wao.

Sehemu ya Cowper ilibaki ndogo kwa sababu mwanzoni mwa mwaka 1773 ugonjwa ulirudi. Usiku mmoja mwezi wa Februari aliota ndoto, na ndani yake akasikia neno lililomwambia kwamba mambo yake yamekwisha, amepotea. Aliamini pia kwamba Mungu alimtaka autoe uhai wake kama Ibrahimu alivyotakiwa kumtoa Isaka, na kwamba kwa kushindwa kufanya hivyo amefungiwa mlango wa rehema milele. Hakuna hoja iliyomwondolea wazo hilo. Akili iliyokuwa kali katika mambo mengine yote ilikuwa na jeraha mahali hapo pamoja, na kila alipoguswa hapo alirudia lile lile. Tangu hapo hakuingia tena kanisani kuabudu.

Wapo waandishi waliomlaumu Newton kwamba mahubiri yake ndiyo yaliyomvuruga rafiki yake. Lawama hiyo haina uzito. Cowper aliugua kwa mara ya kwanza mwaka 1763, kabla hawajakutana. Kinachojulikana ni kwamba Aprili 1773 mgonjwa alihamia nyumbani kwa mchungaji na kukataa kuondoka, na Newton na mkewe wakamtunza humo zaidi ya mwaka mzima, hata baada ya yeye kujaribu tena kujiua. Yeyote aliyewahi kumuuguza ndugu mwenye sonona nyumbani anajua miezi 13 ya namna hiyo ina maana gani. Mlango haufungwi bila kuangaliwa, na usingizi wa mwenye nyumba huwa wa mang'amung'amu.

Newton hakuwa rafiki asiye na dosari. Mwaka 1786, akiwa tayari amehamia London, alisikia kwamba Cowper na Mary wanatembelewa na kutembea na watu wakubwa, akawaandikia barua ya kuwakemea. Barua hiyo iliwaumiza sana. Mgonjwa alikuwa amepata jamaa wa kumfariji, na rafiki wa mbali akaona hatari tu. Hata hivyo urafiki haukuvunjika, na waliendelea kuandikiana.

Je, ni rahisi kumtambua mtu wa namna hii darasani kwetu? Kwa nje, Cowper alikuwa mchangamfu. Alifuga sungura watatu, akalima bustani, akaandika barua za kuchekesha. Kitabu chake kikubwa cha mashairi cha mwaka 1785 kilimletea sifa nchi nzima. Aliwatia wengine moyo wamtumaini Kristo, akiwaambia kwamba ahadi ni za kweli, ila si kwake yeye.

Mary alipatwa na kiharusi, akafariki Desemba 1796, na baada ya hapo Cowper hakuinuka tena. Mwaka 1799 aliandika shairi juu ya baharia aliyesombwa na mawimbi kutoka kwenye meli, ambaye wenzake walisikia kilio chake na wasiweze kumwokoa. Mwishoni alijilinganisha na baharia huyo. Newton aliijua habari ya namna hiyo kwa macho yake. Mwaka 1748, katika dhoruba iliyomgeuza moyo, alikuwa akipanda juu ya sitaha, nahodha akamrudisha akalete kisu. Mtu mwingine akapanda mahali pake, na wimbi likamchukua mara moja. Kwa hiyo Newton alijua jambo ambalo Cowper hakuweza kulishika: kwamba tofauti kati ya aliyebaki melini na aliyesombwa haikutokana na nguvu ya mkono wa aliyebaki.

Katika siku za mwisho, ndugu mmoja aliyemtunza alimwambia kwamba Mkombozi mwenye rehema anamngoja. Cowper alimsihi asimwambie maneno hayo. Baada ya kufa, ndugu huyo aliutazama uso wake, akaona umetulia kama mtu aliyeshangazwa na jambo jema, akapata faraja. Tunamwelewa. Sote tumewahi kuutafuta uso wa marehemu wetu, kabla jeneza halijafungwa, tuone kama una neno la kutuambia. Lakini tumaini letu haliwezi kusimama juu ya uso wa maiti, wala juu ya neno la mwisho la mgonjwa. Yohana aandika kwamba mioyo yetu inaweza kutuhukumu, na kwamba Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Moyo wa Cowper ulimhukumu kwa miaka 27. Haukuwa hakimu wake.

Biblia haifichi vilio kama hivyo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila mstari wa sifa, na bado imo katika kitabu cha sala za watu wa Mungu. Eliya aliomba afe. Malaika hakumkemea kwa sababu hiyo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19:4–8).

Newton alipohubiri juu ya rafiki yake, hakusema kwamba mateso yalikuwa madogo, wala hakudai kuyaelewa. Alishuhudia jinsi alivyomwona akitembea na Mungu, akasema kwamba umilele ni mrefu wa kutosha kuifidia miaka yote ile ya taabu. Kama Wakristo wengi, aliamini kwamba Cowper amekwisha kuingia mbinguni. Sisi tunasoma katika Mhubiri 9:5 na Yohana 11:11–14 kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote. Kwa mtu kama Cowper hili si fundisho la baridi. Hofu yake ilikoma alasiri ile ya Aprili. Hajahisi hata saa moja ya kutupwa tangu siku hiyo, na sauti atakayoisikia baada ya ile iliyomwambia amepotea ni ya Bwana mwenyewe, katika ufufuo. Hukumu imo mikononi mwa Yule aliyeyabeba majeraha. Si kazi ya majirani wanaonong'ona matangani.

Newton alifariki Desemba 1807. Mwaka 1893 mabaki yake yalihamishwa kutoka London, yakazikwa Olney, karibu na kanisa alilohubiri. Cowper amelala East Dereham, katika kanisa la mji huo.

Kwa majadiliano: Familia moja kanisani kwenu imempoteza kijana aliyeugua akili kwa miaka mingi na aliyeacha kuja ibadani. Mtakapokwenda kuketi nao, ni maneno gani mtakayoamua kutoyasema? Nani kati yenu atarudi kuwaona baada ya mwezi mmoja, matanga yakiwa yamekwisha?